Sifuri Nayo Huandikwa

Kurasa nyingi za daftari la kasa hazina kasa. Zina tarehe, siku ya mwezi mwandamo, hali ya maji, jina la ufuo na jina la aliyetembea, kisha kwenye safu ya viota imeandikwa sifuri. Sifuri hufuatwa na sifuri, wiki nzima, halafu unatokea mstari mmoja uliojaa maandishi hadi ukingoni: kasa amepanda, ametaga, kiota kilikuwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, kimehamishwa, mayai mia na kitu. Kisha sifuri tena. Asiyeijua kazi hii akilifungua daftari hilo ataona jasho jingi na mavuno haba. Mimi nililionea fahari tangu nilipofundishwa kulisoma, na fahari hiyo haijapungua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na likizo ya Aprili iliangukia wakati kusi linaanza kushika, msimu ambao kasa wetu hupanda kutaga kwa wingi. Ufuo wa Manda hutazamwa na watu wa Lamu Marine Conservation Trust, mradi uliozaliwa Shela mwaka 1992 kwa jitihada za Lars na Carol Korschen, wenye hoteli ya Peponi, ilipodhihirika kwamba kasa wanapungua. Wanaotembea ufuoni ni wenyeji, wengi wao wavuvi au watoto wa wavuvi. Mtu akiona kiota akatoa habari hupewa kifuta jasho, na mayai yakianguliwa salama hupewa tena. Mimi sikuwa na cheo. Nilibeba daftari, kalamu, futi ya fundi cherehani na chupa ya maji, nikafuata nyuma.

Wageni wengi wanaijua Manda kwa uwanja wake wa ndege tu. Wanashuka, wanaingia mashuani, na ndani ya dakika chache wako Lamu au Shela. Upande wa pili wa kisiwa, ule unaotazama bahari kuu, hawauoni. Kusi likivuma, kuzunguka Ras Kitau kwa nje ni kujitafutia balaa, kwa hiyo sisi tulipita ndani, kwenye mkono wa bahari uliojaa mikoko unaoishia Takwa. Mkono huo hupitika maji yakijaa. Yakitoka, mashua hukaa matopeni na abiria wake hukaa nayo. Kwa hiyo saa ya kazi haikupangwa na mtu yeyote: ilipangwa na mwezi. Kuna alfajiri tulizofika kabla ya nuru, na kuna siku tulifika jua limeshapanda na upepo umeanza kufuta alama.

Kutoka gatini unapita katikati ya magofu ya Takwa. Ule ulikuwa mji wenye ukuta, uliostawi karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa, na wengi husema visima viligeuka chumvi. Watu wake walivuka wakaenda Shela, na hadi leo watu wa Shela huja hapa kwenye kaburi la mnara kuomba dua ya mvua. Kila nilipopita pale nilipunguza mwendo. Kisha unapanda vilima vya mchanga, unashuka, na mbele yako hakuna kitu ila Bahari ya Hindi.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Shela ambaye vijana wote walimwita Ami, nami nikamwita hivyo. Ujanani alikuwa mvuvi wa jarife. Kasa amemla, mayai ameyala, mafuta yake ameyauza kama dawa ya kifua, na hakulificha hilo wala hakulionea haya. Alisema zama zile hakuna aliyemwona kasa kuwa kitu kinachoweza kuisha. Ujuzi wake wote aliupata akiwawinda, na ndio uliotufaa. Msomi aliyekuja na vitabu angeweza kutuambia kasa ana mapigo mangapi ya moyo. Ami alituambia alipita wapi, saa ngapi, na kwa nini aligeuka.

Alama za kasa mchangani husomeka. Kasa wa kijani akipanda hutupa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo makovu ya kushoto na ya kulia hukaa sambamba, jozi kwa jozi, na katikati mkia huacha mstari. Njia nzima huwa na upana wa karibu mita moja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, ni mwembamba zaidi, naye hutambaa kwa kupishanisha, pezi la kulia kisha la kushoto, na makovu yake hupishana vilevile. Mchanga uliosukumwa nyuma hukuambia alikuwa akipanda au akirudi. Ikiwa njia ya kushuka imekata juu ya njia ya kupanda, umejua ipi ni ya mwisho. Ikiwa mwisho wa njia zote mbili uko chini ya mstari wa maji ya usiku, umejua na saa.

Lakini kuona alama si kuona kiota. Asubuhi moja tulikuta njia safi, pana, iliyofika hadi kwenye majani juu ya ufuo. Nilishafungua kalamu.

"Mwalimu, huyu amepanda tu, hakutaga," Ami akasema.

"Umejuaje, Ami?"

"Tizama. Amechimba hapa akaacha, akachimba pale akaacha. Mchanga alioutupa ni wa juu, mkavu. Angetaga angekuwa amefukia kwa mchanga wa chini wenye unyevu, na ungeuona umerushwa mpaka kwenye majani. Huyu ameshitushwa."

"Na nini?"

Hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu kuelekea kwenye nyumba moja mpya juu ya kilima, ambayo taa zake za barazani zilikuwa bado zinawaka na jua limeshatoka.

"Andika amepanda. Kiota, sifuri. Na taa uiandike."

Ile safu ya maelezo, ambayo watu huiona ya ziada, nilianza kuipenda tangu siku hiyo. Kasa aliyepanda akageuka hupungukiwa nguvu, na akishitushwa mara kwa mara anaweza hata kuyaachia mayai majini. Ukihesabu alama ukadhani umehesabu viota, utaandika neema ambayo haipo.

Ipo hesabu nyingine, ya kasa wanaonaswa. Pwani hii imenasa kasa tangu zamani sana. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kile cha safari za Bahari ya Erithrea, kinaeleza kisiwa kimoja cha upande huu kilichoitwa Menuthias, ambako watu walivua kasa kwa mitego ya kusukwa iliyofungwa kwenye milango ya maji katikati ya miamba. Magamba yao yalisafirishwa mbali kwa biashara. Nasi bado tunasuka malema kwa ajili ya samaki na bado tunajenga uzio, na mabaharia wale wangeitambua kazi ya mikono ile. Wabajuni wa kaskazini walikuwa na ufundi wa kupita huo: walimfunga samaki taza kamba ya mkiani, wakamwachia, naye akaenda kujibandika kwenye gamba la kasa, wakawavuta wote wawili.

Siku hizi kasa hunaswa bila kutafutwa. Anafuata mwani, anaingia kwenye jarife, na kwa kuwa anavuta hewa kama sisi, wavu usipoinuliwa mapema hufa maji. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kwa adhabu kali, lakini sheria haiko majini usiku, mvuvi ndiye aliyeko. Wavuvi wa Shela na wa Manda walipozoea kupiga simu badala ya kunyamaza, tulianza kuwapima kasa hawa kabla ya kuwarudisha: urefu wa gamba kwa futi, ukifuata mkunjo wake, upana, vidonda, kisha kipande kidogo cha chuma chenye namba kwenye pezi la mbele. Kasa mkubwa ukimshika kwenye mashua utasikia akishusha pumzi, nzito, yenye harufu ya mwani. Baadhi ya wavuvi wazee humwombea anapoachiwa.

Ile namba pezini ndiyo inayomtoa kasa kwenye kijiji na kumpeleka duniani. Mwaka 2012 watafiti waliwafunga vifaa vya kupeleka mawimbi kwa setilaiti kasa wa kijani wanane waliotaga Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi. Mmoja wao alisafiri kilomita 3,979 mpaka pwani ya Somalia, jirani zetu wa kaskazini. Kumbe kasa anayekula mwani huku anaweza kuwa na ufuo wa kutagia ambao mvuvi wetu hatauona maisha yake yote, na anayetaga Manda akala mwani wa watu wengine. Watu wa Marekani ya magharibi wanalijua jambo hili kwa samaki wao aina ya salmoni, ambao huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mto uleule kutaga. Huko Bonneville, kwenye bwawa la mto Columbia, wamekuwa wakiwahesabu wanaopita tangu mwaka 1938, na kwenye vijito vidogo wenyeji wa kujitolea husimama kwenye mitego ya kuhesabia, wanapima samaki mmoja mmoja na kumwachia aendelee. Niliposoma habari zao sikuona ugeni wowote. Ni watu waliovaa makoti mazito tu.

Sehemu ya kazi ambayo sikuichoka kamwe ni kufukua kiota kilichokwisha kuanguliwa. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60, kutegemea joto. Watoto hutoka usiku, kwa pamoja, nao hukimbilia upande wenye nuru, ambao kwa ufuo usio na taa ni bahari. Baada ya kusubiri siku chache, Ami alipiga magoti na kuchimba kwa mikono, maana jembe haliruhusiwi. Kiota kina mdomo mwembamba na tumbo pana, na chini kabisa kinafikia urefu wa mkono mzima. Harufu hutangulia. Kisha hutoka maganda, mepesi, meupe, yaliyokunjamana, na mikono huyapanga mafungu mafungu juu ya mchanga: maganda matupu huku, mayai ambayo hayakuwa na kitu kule, waliokufa ndani ya yai fungu lao, waliotoka ganda wakafia njiani fungu lao. Vipande vya maganda huunganishwa kwa macho, kwa sababu kipande kikubwa kuliko nusu ndicho kinachohesabiwa kuwa yai moja. Yai zima ni mviringo wa ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza, laini, ukilibonyeza huingia ndani. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, Ami naye anahesabu kimoyomoyo, na tulipotofautiana tulianza upya. Wakati mwingine chini kabisa, chini ya maganda yote, hukutwa mtoto mmoja aliyenaswa na mzizi, hai bado, anapiga mapezi. Yeye naye ana safu yake.

Kiota kilichochimbwa chini ya mstari wa bamvua hakina budi kuhamishwa, na hapo hakuna muda wa mazungumzo. Mayai yakishakaa saa kadhaa, mimba ndani yake hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza yai unaiua. Kwa hiyo huinuliwa moja moja, upande wa juu ukibaki juu, yanalazwa ndani ya ndoo yenye mchanga wa kiota chake, hubebwa bila kutikiswa mpaka shimo jipya lenye kina kilekile, na hesabu huandikwa mara mbili, yakitoka na yakiingia. Nimewahi kuwaona vijana wagomvi wa kijijini, wasiopatana kwa lolote, wakibeba ndoo moja wawili wawili kwa utulivu ambao darasani sikuwahi kuupata.

Narudi kwenye sifuri. Ulikuja usiku wa masika mvua ikapiga mpaka asubuhi, na hakuna mashua iliyovuka. Kesho yake kijana mmoja wa doria, mwenye mwandiko mzuri, aliuliza kama tujaze sifuri kwenye mstari wa jana.

"La," Ami akasema. "Jana hukutembea. Sifuri ni ya aliyetembea akakosa. Ya jana piga kistari."

Yule kijana akasema vyote si sawa tu, kasa hakuonekana.

"Si sawa, mwanangu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari, maana utakuwa umeitia mali yako kwenye mkono wa mwizi ukadhani umeiweka amana."

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sijaeleza tofauti ya sifuri na kutojua kwa uwazi kama ule. Sifuri ni habari. Anayeiandika ameamka saa tisa za usiku, amelowa magoti kwenye matope ya mikoko, ametembea ufuo mzima mpaka mwisho wake na kurudi, na anatoa ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Kistari ni ukiri kwamba hatujui. Ukichanganya viwili hivi, miaka kumi baadaye atakayejumlisha daftari hatajua kama kasa walipungua au watembeaji walipungua. Na vishawishi vya kuvichanganya ni vingi. Wafadhili hupenda takwimu zenye kupanda, na mtu wa kujitolea naye ni binadamu, huona aibu kupeleka ukurasa mtupu. Nasema bila kusitasita kwamba ukurasa mtupu ulioandikwa kwa haki una thamani kuliko mstari mmoja uliopambwa.

Faida yake huonekana baada ya umri wa mtu. Kisiwa cha Aldabra, katika Shelisheli, kilianza kuwalinda kasa wake mwaka 1968, baada ya kuvunwa kwa miongo mingi. Watu wake wakawa wanatembea ufuo na kuhesabu alama, kazi ileile tuliyokuwa tukiifanya Manda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viota vya kasa wa kijani vilikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Miaka 50 baadaye vilikadiriwa kuwa takriban 15,000. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 hadi 40 kufikia kutaga, maana yake wale waliotembea miaka ya mwanzo walikuwa wakiwalinda akina mama ambao wajukuu wa watembeaji ndio wangewahesabu. Oktoba 2025 shirika la IUCN lilimtoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, kwa kuwa duniani kwa jumla anaongezeka. Nilifurahi sana. Lakini jumla ya dunia haikuambii lolote kuhusu ufuo wako. Kinachokuambia habari za Manda ni daftari la Manda.

Nalo litahitajiwa. Machi 2012 ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa bara, ng'ambo ya ghuba ya Manda, na Mei 2021 gati la kwanza lilifunguliwa. Kati ya hapo mkondo ulichimbwa, matope yakapanda, na njia za wavuvi zikabadilika. Wavuvi walikwenda kortini, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikataka wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mimi si mwanasheria, lakini somo moja nililiona waziwazi: kwenye mizani ya namna hiyo, mtu mwenye kumbukumbu za miaka kabla ya mashine kuja huzungumza kwa sauti tofauti na mwenye huzuni peke yake. Mwani ulikuwa wapi, kasa walinaswa wapi, walipanda wangapi mwaka gani. Wakubwa wana ramani zao. Sisi tuwe na madaftari yetu, na nakala zake zikae kwenye ofisi za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, ambako mvuvi yeyote anaweza kuingia na kuyafungua, sio kwenye kompyuta ya mtafiti aliyekwisha kuondoka nchini.

Limeongezeka jambo jingine la kupima, nalo ni joto. Mayai ya kasa huamua jinsia kwa joto la mchanga: karibu na nyuzi 29 huchanganyika, likizidi hutoka majike, likipungua hutoka madume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ulikuta zaidi ya 99 katika kila 100 ya wadogo ni majike. Ufuo mweupe wenye viota vingi unaweza basi kuwa na kasoro ambayo jicho halioni. Ami, aliposikia, aliuliza kama kiota kilichohamishiwa chini ya kivuli cha majani kingetoa madume. Ni swali la mtafiti, na jibu lake litapatikana tu kwa kuweka kipimajoto ndani ya kiota na kuandika kipimo chake kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Joto la dunia hatulizimi kutoka Takwa. Taa tunaweza. Ile nyumba ya juu ya kilima tulikwenda kubisha hodi mchana, tukakaribishwa chai. Mwenyewe alikuwa mbali, lakini msimamizi wake, mtu wa Matondoni, alisikiliza, akatoka nasi nje, akatazama kilima kutoka upande wa bahari, na tangu hapo taa za baraza huzimwa mapema. Nyumba nyingine kati ya hapo na Ras Kitau bado, na nyingine zinajengwa. Kwa yeyote mwenye nyumba inayotazama bahari, Manda, Shela au Kizingo: taa ya nje iwe chini ya kiuno, izibwe upande wa maji, na balbu yake iwe nyekundu au ya rangi ya kaharabu. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti, ya upande wa bahari izimwe kabisa kila inapowezekana. Msimamizi wa nyumba anaweza kuifanya kazi hiyo leo jioni kabla ya magharibi.